Mwaka Tuliotafuta Chai Guangzhou

Habari za kifo cha dada Hawa zilinikuta Majengo, mjini Songea, nikiwa nimesimama dukani nabishana na muuzaji kuhusu kitambaa cha pazia ambacho hata sikukihitaji. Simu ilitoka Tunduru. "Shikamoo mama mdogo," ikasema sauti ya mwanamke. "Ni Rehema. Mama ametutoka jana alasiri. Tumeshamzika." Nikauliza yale ambayo kila mtu huuliza, aliumwa nini, tangu lini, nani alikuwa naye, na Rehema akajibu moja baada ya jingine kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kujibu maswali hayo mara nyingi tangu asubuhi. Nilipokata simu nilimwachia muuzaji kitambaa chake, nikaanza kutembea. Nilifika nyumbani Lizaboni, nikaweka mkoba mezani, nikatoka tena. Na hivyo ndivyo nilivyoishi wiki zilizofuata. Nikianza kufua naacha nguo kwenye beseni. Nikimimina chai inapoa nikiwa nimesimama mlangoni. Ilikuwa baridi ile ya Songea ya katikati ya mwaka, ukungu unakaa juu ya mabati mpaka saa nne, na kila mtu mwenye akili yuko karibu na jiko, isipokuwa mimi. Mume wangu alinivumilia kwa siku kadhaa, kisha akasema, "Skola, kaa chini. Unanichosha kukutazama tu." Nilijaribu kukaa. Nilijua kwamba si kifo peke yake kilichonisumbua. Ulikuwa ni mwaka mmoja niliokaa na dada Hawa katika mji wa Guangzhou, nchini China, mwaka ambao nimeusimulia kwa watu wengi kwa kuchekesha, na sijawahi kuusimulia jinsi ulivyokuwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nimepata nafasi ya kwenda kusoma Kichina kwa mwaka mmoja. Jinsi nilivyoipata ni habari ndefu isiyo na faida hapa. Dada Hawa alinizidi miaka tisa. Alikuwa mfanyabiashara wa Tunduru, Myao, mama wa mtoto mmoja aliyemwacha kwa bibi yake, na alikuwa Guangzhou akinunua bidhaa na kuzisafirisha nyumbani, zake na za wenzake. Tulikutana kwenye kibanda cha kupigia simu katika mtaa wa Xiaobei, ambako wakati ule Waafrika walikuwa wengi kiasi kwamba wauza vocha walijua kusema "mambo". Nilikuwa nikizungumza na nyumbani. Nilipoweka simu chini nikakuta mwanamke mrefu mwenye mtandio wa kijani amesimama nyuma yangu anatabasamu. "Mtu anayeulizia mahindi ya Madaba akiwa China," akasema, "hawezi kuwa Mkenya." Baada ya wiki mbili nilihamia chumbani kwake. Yeye alikuwa na chumba bila mkalimani, mimi nilikuwa na Kichina cha kuchechemea na bweni nisilolipenda, tukaona tunafaana.

Chumba kilikuwa ghorofa ya tisa. Dirisha lilitazama ukuta wa jengo la pili, karibu kabisa, hivi kwamba tuliweza kusikia mwanamume wa upande wa pili akipiga mswaki. Vitanda viwili, sufuria ya umeme ya kupikia wali, na marobota ya suruali za jinzi yaliyopangwa mpaka juu, ambayo tuliyatumia kama kabati, meza na mahali pa kuanikia taulo. Katika chumba kile nilimwona dada Hawa akikonda. Aliogopa chakula cha mji ule. Kwetu sisi wa Songea nguruwe ni nyama ya sikukuu, na hata majina tunayompa, kitimoto, mbuzi katoliki, ni majina ya mapenzi. Kwake yeye ilikuwa haramu, na ilikuwa kila mahali: ikining'inia kwenye ndoana, ikielea kwenye supu, ikijificha ndani ya mkate uliodhani ni mtupu. Kulikuwa na vijihoteli vya Waislamu wa kaskazini waliopika tambi na nyama ya kondoo, lakini pilipili yao ilikuwa moto na dada Hawa alikuwa na vidonda vya tumbo. Alijaribu mara mbili, akalala siku mbili. Basi akawa anaishi kwa wali wa chumvi, mayai ya kuchemsha na ndizi. Aliongea na Rehema kwenye simu, mtoto wa miaka mitano, akamwambia kwamba mama anakula vizuri, na alipomaliza akakaa juu ya robota akimenya yai polepole kana kwamba anatafuta kitu ndani yake.

Siku moja tukipita mtaani asubuhi alisimama mbele ya kioo cha mkahawa mkubwa. Ndani kulikuwa na wazee, familia nzima, watoto, kelele, mvuke, na mezani vikapu vidogo vya mianzi vimepangwa kimoja juu ya kingine kama minara. Akauliza wanafanya nini. Nikamwambia nililofundishwa darasani, kwamba watu wa Guangzhou huita kile kitu kunywa chai, lakini chai yenyewe ni kisingizio. Wanachokuja kula ni dim sum, vitafunio vidogo vidogo vya mvuke, kila kikapu na aina yake. "Kumbe wanasema kama sisi," akasema dada Hawa. "Ukimwambia mtu karibu chai, humaanishi maji na majani tu." Akaendelea kutazama. "Mji mzima unakunywa chai, Skola, mimi peke yangu nagugumia mayai. Nitafutie mahali. Pasiwe na nguruwe, pasiwe na pilipili, na pasiwe pa matajiri." Ni masharti matatu tu. Sikujua kwamba nimepewa kazi ya kutafuta sindano kwenye mji wa mamilioni ya watu.

Tulianza Jumamosi iliyofuata. Ule mkahawa mkubwa wenye zulia tuliingia, tukasoma bei, tukanywa maji, tukatoka kwa heshima. Kwingine palikuwa pa bei ya chini sana, kibandani chini ya daraja, na mwenyeji aliponyanyua vifuniko kutuonyesha, kila kikapu kilikuwa na nyama ya nguruwe, hata kile nilichodhani ni keki. Kwingine tulipewa miguu ya kuku iliyopikwa mpaka ikalainika, dada Hawa akaitazama, akaniambia kwa Kiswahili huku akimtabasamia mwenye hoteli, "Kuku huyu hakuchinjwa na Muislamu, na kwa sura hii hakuchinjwa na mtu yeyote." Tulicheka mpaka wakatuletea chai nyingine. Tulijifunza mambo. Tulijifunza kusuuza vikombe kwa chai ya kwanza na kuimwaga. Tulijifunza kugonga meza kwa vidole viwili kumshukuru anayekumiminia. Tulijifunza kwamba mkahawa wenye wazee wanaosoma magazeti ndio mzuri, na kwamba wenye picha kubwa za rangi mlangoni ni wa wageni na bei yake ni ya wageni. Novemba ilikuwa inaisha tulipopanda ngazi za jengo la soko la mboga, ghorofa ya pili, tukakuta chumba cha meza sita na mwanamke mnene mwenye aproni ya maua. Sisi tulimwita Mama Liu.

Nakumbuka jinsi nilivyouliza, kwa sababu nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi ile njia nzima. Nikanyooshea kidole kikapu cha vifuko vyeupe, unga wake mwororo hata rangi ya waridi ya kamba wa baharini ilionekana kwa ndani. Wenyewe huviita ha gau. Nikauliza, "Hii ina nyama ya nguruwe?" Mama Liu alizungumza zaidi Kikantoni, lugha ya pale, na Kichina cha darasani alikisema kama mimi, kwa kuvunjavunja. Alitikisa kichwa. Kamba, akasema. Kamba tupu. Akatuonyesha na chapati laini ya mchele iliyokunjwa na kumwagiwa mchuzi wa soya, na vitobosha vya mayai, vikeki vidogo vyenye yai tamu katikati. Nyama hakuna. Nikageuka nikamwambia dada Hawa, "Hamna." Akasema bismillahi, akachukua kifuko kimoja kwa vijiti, kikamponyoka, akakichukua kwa mkono. Akafumba macho. Alikula vikapu vitatu siku ile, na jioni akapiga simu Tunduru, akamweleza mama yake kila alichokula, kwa Kiyao, kwa muda mrefu, mpaka kadi ikakatika.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote niliyoiona ugenini. Dada Hawa alirudisha mashavu. Mama Liu alimwekea meza ya pembeni karibu na dirisha, na tukiingia tu alikuwa anapaza sauti kuelekea jikoni, neno ambalo baadaye nilijua lilimaanisha "yule mrefu amekuja". Walielewana bila mimi. Dada Hawa alimfundisha kusema "karibu" na yeye akamfundisha kuhesabu vikapu kwa Kikantoni. Nikiwa nimeinamia daftari langu la herufi, nilikuwa nawasikia wakisimuliana habari za watoto wao, mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Kikantoni, kila mmoja akiitikia mahali panapostahili. Nilijivunia. Mimi ndiye niliyepatafuta, mimi ndiye niliyeuliza. Darasani nilikuwa nikipanda, na ifikapo Machi nilikuwa naweza kusoma karibu kila kibao mtaani. Machi ni mwezi mbaya kule. Unyevu unaingia kila mahali, kuta zinatoka jasho, nguo hazikauki. Jumamosi moja ya mwezi huo choo cha wateja kilikuwa kimeziba, Mama Liu akaniambia nipite jikoni nikanawe mikono huko.

Mumewe alikuwa mezani na panga pana, anakatakata kitu cheupe. Nilidhani ni nazi. Mawazo ya nyumbani hayo. Alikuwa anakikata vipande vidogo kuliko punje za mchele na kukichanganya kwenye bakuli la kamba. Nikamuuliza ni nini, na safari hii Kichina changu kilitosha kabisa. "Mafuta ya nguruwe," akasema, kwa furaha ya fundi aliyeulizwa kuhusu kazi yake. "Bila hayo kamba anakauka, anakuwa kama mpira." Nikamuuliza kuhusu chapati za mchele. Akanionyesha kopo la mafuta ya kupaka kwenye sinia, yaleyale, yameganda meupe. Na vitobosha vya mayai, unga wake ulikandwa kwa mafuta hayohayo. Nikasema polepole kwamba mkewe alituambia hakuna nguruwe. Hakukasirika. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyeruka mstari. "Uliuliza nyama," akasema. "Haya ni mafuta."

Nilirudi mezani. Dada Hawa alikuwa ameniachia vifuko viwili vya mwisho, kama kawaida yake. Nikasema nimeshiba. Hapo ndipo nilipopaswa kusema, na mpaka leo naweza kuiona ile meza, kikombe chenye ufa, mtandio wake umeegemezwa kwenye kiti, na ninaona kabisa nafasi iliyokuwepo ya kusema. Nilijiambia nitamwambia njiani. Njiani nikajiambia nitamwambia tukifika chumbani. Chumbani alikuwa akiimba. Nimejiuliza mara nyingi niliogopa nini, na kwa miaka mingi nilijibu kwamba nilimwonea huruma, kwamba angeacha kula na kukonda tena. Ni kweli kidogo. Kweli iliyo kubwa zaidi ni kwamba niliona haya. Mimi mkalimani ndiye niliyeuliza swali bovu, kwa sentensi niliyoikariri kwa majivuno, na sikutaka aache kunitazama vile alivyokuwa akinitazama.

Basi nikaanza kukimbia. Nilimwambia nimepachoka kwa Mama Liu, mji mkubwa namna hii na sisi tunakula chumba kimoja, twende tukatafute pengine. Nikamzungusha. Tulivuka mto, tulikwenda mitaa ya zamani ya magharibi yenye vibaraza vya mawe, tulipanda mabasi mpaka mwisho wa njia. Kila tulikofika nilimwacha mezani, nikaenda mlango wa jiko, nikauliza swali langu jipya, mafuta gani, na kila jiko likanipa jibu lile lile. Nikarudi nikamwambia hapa ni ghali, hapa ni pachafu, hapa sijapapenda. Alinifuata siku za mwanzo kwa ucheshi, kisha miguu ikaanza kumuuma. "Una nini wewe?" aliniuliza tukiwa kituoni, tumelowa. "Unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama Liu ametukosea nini?" Nikasema hajatukosea. "Basi tumrudie. Nitamwambia nini mwanamke wa watu nikikutana naye sokoni?" Nikasema tutarudi, tutarudi. Sikulala vizuri, sikusoma vizuri, na mwalimu wangu aliandika kwenye daftari kwamba herufi zangu zimeanza kuanguka upande.

Jumatano moja ya siku hizo mvua ilinyesha tangu alfajiri. Dada Hawa alikuwa amepigiwa simu kwamba Rehema ana malaria na amelazwa, na tumbo lake likamshika palepale. Hakula kitu mpaka saa sita. Kisha akasema, "Skola, usinizungushe leo. Nataka kwenda kwa Mama Liu, nikae kwenye kiti changu, nile kitu cha moto." Nikasema mvua ni kubwa. Akavaa viatu. Tukaenda. Mama Liu alifurahi hata akamshika mikono yote miwili, akaleta kikapu kabla hatujaagiza. Nami nikakaa mbele ya dada Hawa. Alikula vifuko vinne. Baada ya kila kimoja alifuta vidole vyake kwa uangalifu, na baada ya cha nne akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi, na tumbo likatulia. Nilimtazama mwanzo mpaka mwisho. Hayo mengine yote ningeweza kuyaita woga. Hili sikulipatia jina.

Ijumaa yake nilikwenda peke yangu kusimama nje ya msikiti wa zamani wa mji, nikiwa nimejifunika kitambaa cha dada Hawa, na watu walipotoka kusali nikamwuliza mzee mmoja wa Kichina mwenye kofia nyeupe kama kuna mahali popote Guangzhou ambapo Muislamu anaweza kunywa chai kama wenyeji, kwa kondoo na kuku na mafuta ya karanga. Alinichukulia kalamu mkononi na kuandika anwani kwenye kiganja changu. Dada Hawa alikuwa na mzigo wa kufunga, hakupata nafasi mpaka Alhamisi iliyofuata. Nikakosa darasa, tukaenda. Ilikuwa ghorofa ya tatu, safi, wanawake wenye hijabu wakisukuma vitoroli vya vikapu, na bei yake ilikuwa juu kidogo ya kwa Mama Liu lakini si ya kukimbiwa. Nilikuwa karibu nilie kwa nafuu. Niliona kwamba jambo limekwisha, kwamba tutahamia hapa na lile la nyuma litazama lenyewe. Dada Hawa akachukua ha gau, akatafuna, akafikiri. Akachukua cha pili.

"Ni kizuri," akasema. "Lakini si kama cha kwa Mama Liu. Kuna kitu kimepungua. Wewe hukisikii? Kule kulikuwa na utamu fulani, unabaki mdomoni. Muulize wanaweka nini tofauti."

Mhudumu alikuwa amesimama hapo hapo. Ningeweza kumuuliza kitu chochote na kumtafsiria dada Hawa jibu lolote. Nikasema, "Kilichopungua ni mafuta ya nguruwe."

Aliweka vijiti chini, kimoja kimoja. Nikamweleza yote, jiko, panga, kopo, swali langu la nyama. Nilipomaliza akauliza, "Umejua tangu lini?" Nikasema tangu ile Jumamosi ya choo. Akahesabu kwa vidole chini ya meza, niliona bega lake likisogea. "Siku kumi na tisa," akasema. Kisha akauliza, "Na Jumatano ile ya mvua?"

"Nilijua."

"Nilichokula bila kujua," akasema kwa sauti ndogo, "Mwenyezi Mungu anajua kwamba sikujua, na yeye ni mwingi wa kusamehe. Hilo halinitishi. Lakini Jumatano ulikuwa umekaa mbele yangu, Skola. Mwanangu yuko hospitali, mimi nakula, na wewe unanitazama."

Hakuhama, wala hakunifukuza. Ingekuwa rahisi zaidi. Tulikaa katika chumba kile wiki tatu tukisalimiana asubuhi na jioni kama wapangaji. Aliosha kinywa chake mara nyingi siku ya kwanza, akasali kwa muda mrefu, kisha akaendelea na kazi zake, na kwa safari za madukani akaajiri mkalimani mwingine, kijana wa Kikongo. Mimi nilitembea. Nilitoka darasani nikatembea mpaka giza, nikapita mikahawa yote tuliyoijua na tuliyoikataa. Leo hii nikiwa nazunguka Lizaboni bila sababu, mguu unakumbuka zile wiki kabla kichwa hakijakumbuka.

Mwisho wa wiki ya tatu aliniambia, akiwa anafunga mtandio, "Nipeleke kwa Mama Liu. Kuna maneno nataka kumwambia. Na wewe utayasema yote kama nitakavyoyasema, usipunguze, usiongeze." Tukapanda zile ngazi. Ilikuwa alasiri, wateja wameisha. Mama Liu alitoka mbio, akamshika, akasema amekonda, amekuwaje, kwa nini alipotea. Nikatafsiri. Dada Hawa akakaa kwenye kiti chake cha dirishani na kuanza, sentensi moja moja, akinisubiri. Alisema kwamba dini yake inamkataza nguruwe, nyama yake na mafuta yake. Nikatafsiri. Alisema kwamba alikula kwa miezi bila kujua, na kwamba hamlaumu Mama Liu wala mumewe, walijibu walichoulizwa. Nikatafsiri. Kisha akasema, akinitazama mimi si yeye, "Wa kulaumiwa ni huyu mdogo wangu. Aliuliza vibaya, hiyo ni bahati mbaya. Lakini alipojua alinyamaza, na alinileta hapa akanitazama nikila." Nilisimama pale. Kichina kina neno la kunyamaza na neno la kuficha, na nilijua tofauti yake. Nikatumia la kuficha. Mama Liu akanitazama, akatazama sakafu, akaingia jikoni. Tulimsikia akizungumza na mumewe kwa ukali, kisha kwa upole. Akarudi macho mekundu na kusema kwamba anaweza kupika kwa mafuta ya karanga, kikapu kipya, sufuria mpya, atanunua leo hii. Dada Hawa akamshukuru, akasema asijisumbue, anarudi nyumbani karibuni. Aliomba maji ya moto kwenye glasi. Akayanywa yote, akagonga meza kwa vidole viwili, akainuka.

Tulipofika mlangoni kwetu akageuka. "Umeyasema yote?" akauliza. Nikasema yote. "Hata lile lako?" Nikasema hata lile. Akaingia ndani, akabandika wali, vikombe viwili vya mchele badala ya kimoja. Baada ya wiki mbili alirudi Tunduru.

Mimi nilimaliza mwaka wangu, nikarudi, na Kichina kikawa ndicho kilichonilisha. Nilitafsiri kwenye kambi ya wajenzi wa barabara upande wa Madaba, nikatafsiri migodini, na watu wa huko walinijua kwa ubishi wangu. Meneja akimtukana fundi, nilitafsiri tusi. Fundi akijibu, nilitafsiri jibu. Nilipoambiwa nilainishe, nilisema mkitaka wa kulainisha tafuteni mwingine. Dada Hawa alikuwa akipita Songea kila mwaka au miaka miwili kwa shughuli zake, analala kwangu, tunazungumza habari za watoto na korosho na bei ya mahindi. Guangzhou tuliizungumza pia, baridi yake, marobota, yule mwanamume na mswaki wake. Siku kumi na tisa hatukuzigusa. Nilisubiri azitaje. Labda na yeye alisubiri mimi.

Arobaini ilipofika nilipanda basi kwenda Tunduru. Dua ilisomwa, pilau ikapakuliwa, na sisi wanawake tukakaa kwenye mikeka uani. Rehema akaja kuketi kando yangu na mwanawe mdogo mapajani, akanitambulisha kwa shangazi zake na majirani. "Huyu ndiye mama mdogo Skola wa Songea," akasema. "Yule wa China." Na nikaona nyuso zikifunguka, kumbe walinijua wote. Rehema akawasimulia, kwa namna ya mtu anayerudia kisa ambacho ameambiwa tangu utotoni: mji ule, kiu ya chai, mkahawa wa juu ya soko, swali la nyama, na mafuta ya nguruwe ndani ya kamba. Walicheka na kusema astaghfirullahi kwa pumzi moja. "Na mama alikuwa akituambia," akasema Rehema, "mdogo wangu yule alipogundua tu, siku ileile, kabla sijanyanyua kijiti kingine, akaniambia. Hakujali kama nitamkasirikia. Kila tukimficha jambo mama anatutajia wewe. Anasema, mngekuwa kama Skola."

Wanawake walinitazama kwa wema. Mmoja akanisogezea sahani ya ndizi. Nilifikiri juu ya dada Hawa akiikata ile sehemu, mwaka baada ya mwaka, mbele ya watoto wake, ili jina langu lipite safi. Ilikuwa zawadi yake, na aliyenipa amekwisha kuzikwa, na hakuna mtu duniani aliyebaki wa kunisuta. Nikasema, "Rehema, haikuwa siku ileile."

Akageuka.

"Zilipita siku kumi na tisa. Na katika siku hizo kulikuwa na Jumatano moja, wewe ulikuwa umelazwa kwa malaria, mama yako alitaka kula kitu cha moto. Nilimpeleka mimi. Alikula vifuko vinne, mimi nikiwa najua, nikamtazama."

Rehema alimweka mtoto chini. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, na nikaona anavyofanana na mama yake akihesabu. "Malaria ile naikumbuka," akasema hatimaye. "Alikusamehe?"

"Hakuwahi kusema."

Aliitikia kwa kichwa, polepole. Kisha akainuka, akajifunga khanga vizuri, akaenda kule kwa wapishi, ambako wadogo zake wawili na wake za binamu zake walikuwa wakisugua vyombo. Nilikaa palepale kwenye mkeka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi bila kutaka kwenda popote. Nikamsikia akiwaambia waache vyombo kwanza, wamsikilize. Akaanza kisa upya, tangu mwanzo kabisa, tangu kibanda cha simu, na alipofika kwenye siku kumi na tisa hakuziruka.